Uliza Masijala: Bahasha ya Drogheda ndani ya sanduku la Ujiji

BARUA KUTOKA UJIJI

Mama Masijala, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa na mawese. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alipostaafu alibaki na kazi moja tu, kuandika habari za Ujiji. Alikuwa anakwenda kukaa na wazee barazani, anauliza, anaandika. Alifariki mwaka jana, akaacha masanduku mawili ya bati na gunia la sandarusi, vyote vimejaa karatasi.

Mjomba anataka chumba akipangishe. Ameshamleta muuza karanga aje kupima karatasi kwa kilo. Nimemwomba anipe mwezi mmoja. Nimeanza kupanga mwenyewe: za Ujiji nimeziweka kitandani, za nchi nyingine nimezirundika karibu na mlango. Humo nimekuta bahasha ya kaki imeandikwa DROGHEDA. Nimetafuta kwenye simu nikaona ni mji wa Ireland. Ndani mna kadi za posta nne, barua za Kiingereza za sista mmoja, na mchoro wa nembo yenye mwezi na nyota ambao babu kauchora kwa penseli. Chini yake kaandika kwa kalamu nyekundu: "Sultani alipeleka meli za chakula. Nani aliona?"

Babu hakuwahi hata kupanda ndege. Bahasha hiyo inahusu nini Ujiji, au niitupe tu? Na je, ni kweli Sultani wa Uturuki aliwapelekea watu wa Ireland chakula?

Mjukuu wa Mwalimu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kabla ya yote nakuomba uache kupanga. Hapo ulipofikia, simama. Kilichopo kitandani kibaki kitandani, kilichopo mlangoni kibaki mlangoni, na lile sanduku ambalo hujalifungua usilifungue mpaka umalize kusoma hapa.

Nitakueleza kwa nini nina haraka. Nilikaa masijala miaka 31, Tabora kisha Kigoma. Mwaka mmoja ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilihamia jengo jingine, tukaambiwa tuyapange majalada "kwa mada". Barua huku, michoro ya viwanja kule, picha kabati la mwisho. Ilipendeza kwa macho, na mikono iliyofanya kazi hiyo ni hii yangu. Miezi michache baadaye akaja mzee mmoja kutafuta ushahidi wa kiwanja alichogawiwa baba yake. Barua tuliikuta. Inasema, "kama inavyoonekana kwenye mchoro uliounganishwa." Na michoro tulikuwa nayo, zaidi ya mia mbili, haina jina wala tarehe, kwa sababu jina na tarehe vilikuwa kwenye barua tulizoitenganisha nazo. Mzee alikaa kwenye benchi siku mbili, siku ya tatu hakurudi. Mpaka leo nikipita mtaa ule nakiangalia kile kiwanja.

Karatasi hujibiwa na karatasi iliyolala ubavuni mwake. Babu yako alipoiweka bahasha ya Drogheda mahali fulani sandukuni, alikuwa anasema jambo. Ukiitoa pale na kuitupa mlangoni, maneno yanabaki ila sauti yake imekatwa. Kwa hiyo leo hii kaa na kumbuka: bahasha hiyo ilikuwa sanduku gani, juu au chini, ilipakana na nini kulia na nini kushoto? Kama watoto walikuwepo ulipofungua, waulize, watoto wana macho. Andika unachokumbuka, kisha niandikie.

Sasa Drogheda yenyewe, maana umeuliza vizuri na swali la babu yako linastahili jibu kamili.

Drogheda ni mji wa bandari, mashariki mwa Ireland, unakaa kwenye mto Boyne karibu na unapoingia baharini, kama kilomita 50 kaskazini mwa Dublin. Ni mji uliobeba mengi: mwaka 1649 jeshi la Cromwell la Uingereza liliuteka na kuua watu wengi mno, na watu wa Ireland hawajalisahau hilo. Lakini njia iliyoufikisha mji huo Ujiji nadhani naijua. Mwaka 1937 mwanamke wa Ireland, Mother Mary Martin, alianzisha shirika la masista waganga linaloitwa Medical Missionaries of Mary, na makao yao makuu yakawa Drogheda. Masista hao walikuja kufanya kazi Tanganyika, na hospitali ya Makiungu kule Singida ni moja ya kazi zao. Muulize mama yako kama babu aliwahi kufundisha Singida. Ningeanzia hapo.

Nyuma ya swali la babu kuna njaa kubwa ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845. Watu maskini wa Ireland waliishi kwa viazi mviringo, kama vile nyumba nyingi za hapa zilivyowahi kuishi kwa muhogo, na ugonjwa ukaingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8. Ile ya 1851 ikakuta milioni 6 na nusu. Karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wasirudi. Wakati watu wanakufa, nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kutoka bandari za Ireland kwenda Uingereza kuuzwa. Hilo la mwisho ndilo huniuma zaidi kila ninapolisoma.

Sultani Abdülmecid alitoa msaada, hili lina karatasi. Mwaka 1847 alichanga pauni 1,000, na barua ya shukrani iliyotiwa saini na wakubwa wa Ireland ipo katika nyaraka za Uturuki. Inasimuliwa kwamba alitaka kutoa pauni 10,000, akaombwa apunguze kwa kuwa Malkia Victoria mwenyewe alikuwa ametoa 2,000, na haikufaa mgeni ampite malkia. Halafu ndipo zinakuja meli: kwamba Sultani, akiwa hakuridhika, alituma kwa siri meli tatu za chakula, zikapakua Drogheda, na mji kwa shukrani ukaweka mwezi na nyota kwenye nembo yake.

Mwezi na nyota kwenye nembo ya Drogheda upo kweli. Hata klabu ya mpira ya mji huo inauvaa. Ila ulikuwepo kwenye nembo hiyo karne kadhaa kabla ya njaa. Kwa hiyo haukutoka kwa Sultani huyo. Na meli hizo hazina hati ya Sultani inayozitaja. Hata hivyo simulizi ina nguvu yake: mwaka 1995 mji ulibandika kibao cha shukrani kwenye ukuta wa hoteli moja, na mwaka 2010 Rais wa Ireland, Mary McAleese, akiwa ziarani Uturuki, alisema hadharani kwamba nembo ilitokana na shukrani hiyo. Wanahistoria wa kwao wakamsahihisha. Rais, mwanangu, alisahihishwa na watu wa aina ya babu yako, wenye masanduku ya karatasi.

Kwa hiyo mwambie yeyote atakayekuuliza: fedha alizitoa, nembo haikutoka kwake, na meli zinasimuliwa. Usiifute simulizi kwa sababu haina hati. Watu walioishika miaka yote hiyo walikuwa wanasema kitu kuhusu nani aliwakumbuka na nani aliwasahau. Babu yako hakuifuta. Aliuliza nani aliona, akaiacha wazi.

Kuhusu mjomba, mpe salamu zangu na umsomee hili. Hao hao watu wa Ireland, serikali iliyokuwa inawatawala ilizisaga fomu za sensa ya 1881 na 1891 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia ili zipatikane karatasi mpya. Za miaka ya kabla ya njaa na mara tu baada yake zilikuwa bado zipo, zimehifadhiwa Dublin katika jengo la nyaraka pale Four Courts, kwenye majengo ya mahakama. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo likalipuka na kuungua, karatasi za karne nyingi zikaruka angani zikiwa majivu. Leo mtu wa Ireland akitaka kuona nyumba ya babu wa babu yake ikiwa imeandikwa kamili katika sensa, anaanzia mwaka 1901. Miaka mia moja baadaye bado wanaokoteza nakala kutoka nchi nyingine kuziba lile pengo. Kilo za muuza karanga ni shilingi ngapi? Kama chumba ni shida, karatasi zote hizo zinaenea chini ya kitanda kimoja.

Na hapo chini ya kitanda usiziweke sakafuni. Weka matofali, juu yake mbao, juu yake sanduku, na acha nafasi ya kiganja kati ya sanduku na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda na ukuta. Ziwa linatupa unyevu. Ukiona bahasha imelowa ianike kivulini penye upepo, usiianike juani. Klipu na pini zenye kutu zitoe polepole, karatasi zilizokuwa zimebanwa pamoja uzifunge ndani ya karatasi nyeupe moja ili zisiachane. Namba andika kwa penseli laini, kwenye kona, nyuma. Usitumie kalamu ya wino hata kama ni namba moja tu. Magazeti usiyatupe kabla hujaangalia pembezoni. Livingstone mwenyewe, mwaka 1871 kabla hajarudi hapo Ujiji, aliishiwa karatasi na wino akawa anaandika juu ya gazeti la Kiingereza kwa wino wa mbegu za mmea wa porini. Maandishi yakafifia kiasi kwamba ilipofika 2011 ndipo wataalamu wakaweza kuyasoma kwa kupiga picha za mwanga wa aina mbalimbali, na humo mkawa na habari za mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe, kule Kongo. Gazeti kuukuu, hilo.

Nasubiri barua yako.

BARUA KUTOKA TABORA

Mama, habari za kazi. Nina barua ya ajira ya marehemu baba, alikuwa fundi wa reli hapa Tabora. Imechanika kwenye mikunjo. Kijana wa steshenari ananishauri nipige laminesheni. Nifanye?

Mtoto wa Reli

JIBU

Hapana baba, usifanye. Ile plastiki hubandikwa kwa gundi na moto, na ikishabanduka na karatasi hubanduka. Hakuna kurudi. Selotepu nayo usiiguse: baada ya miaka kumi inageuka rangi ya chai na kula maandishi. Nunua mfuko wa plastiki laini wa faili, ule unaotiwa karatasi kwa juu, iweke barua humo ikiwa imenyooka, nyuma yake weka karatasi nyeupe ngumu. Piga fotokopi mbili, ukionyesha watoto onyesha fotokopi. Na nyuma ya hiyo karatasi ngumu, andika kwa penseli baba alikuwa fundi wa nini hasa, karakana gani, na nani walikuwa wenzake unaowakumbuka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Wakubwa wake wameandikwa vitabuni, mafundi wake wako kwenye barua kama hiyo yako.

BARUA YA PILI KUTOKA UJIJI

Mama Masijala, shikamoo tena. Nimefanya ulivyosema. Mjomba nilimsomea jibu lako hadi mwisho, akanyamaza, kesho yake akaleta matofali mwenyewe.

Mama yangu anasema ni kweli. Babu alifundisha Singida, na yeye mama alizaliwa Makiungu mwaka 1963. Sista huyo ndiye aliyemzalisha bibi, na waliendelea kuandikiana na babu hata alipohamia huku Ujiji. Barua nimezisoma kwa msaada wa mwalimu wa Kiingereza. Katika mojawapo sista anasema alipokuwa msichana wa miaka 12, kijijini kwao, mwalimu aliwagawia madaftari akawatuma wakaulize wazee: habari za njaa, dawa za miti, dalili za mvua, hazina zilizofukiwa. Yeye alimhoji bibi yake. Anamwambia babu, "Jaribu na wanafunzi wako."

Mwanangu wa kati alikumbuka mpangilio, kwa sababu alikuwa anasoma majina ya bahasha kwa sauti nilipokuwa nazitoa. Sanduku la kwanza, kuanzia kushoto: bahasha ya 7 imeandikwa MWEMBE, ya 8 DROGHEDA, ya 9 INSHA DARASA LA TANO 1974, ya 10 LIEMBA. Nimezirudisha hivyo hivyo.

Kwenye MWEMBE mna mambo ya Livingstone na Stanley. Babu kaandika tarehe mbili, moja ya Stanley na moja ya Livingstone, haziko sawa, na chini kwa kalamu nyekundu: "Nani aliona?" Pia kuna majina ya wazee saba na walichoambiwa kuhusu mti.

Nina habari mbili za kukuuliza. Ya kwanza, bahasha ya 15 imefungwa kwa gundi na juu imeandikwa: "Asili za watu. Isisomwe mpaka wahusika wote wamelala." Nadhani unajua Ujiji, Mama. Kuna majina humo ya nani alikuja na msafara akiwa huru na nani alikuja amefungwa. Mjomba anasema hiyo moja tuichome. Ya pili ni ya furaha: kwenye insha za 1974 nimekuta insha ya mama yangu mwenyewe, ana miaka 11, mwandiko wa kulala. Anaitaka. Nimpe?

Mjukuu wa Mwalimu

JIBU

Marahaba mwanangu. Huyo mtoto wa kati mnunulie daftari.

Sasa itazame tena safu uliyoirudisha: 7, 8, 9, 10. Wewe ulikuwa umeitoa ya 8 ukaipeleka mlangoni kwa kuwa ni ya ng'ambo. Lakini soma kwa mpangilio wake. Ya 7 ni mwembe wa Ujiji, ule unaosemwa Livingstone na Stanley walikutana chini yake: tukio moja, watu wawili waliokutana uso kwa uso, na tarehe haziafikiani. Stanley alichapisha kwamba alifika tarehe 10 Novemba 1871, na shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa homa na safari. Mti wenyewe nao, wageni wanaokuja kwenye ule mnara huambiwa kwamba uliokuwepo siku ile haupo tena, iliyopo imetokana nao. Ya 8 ni Drogheda: mji mwingine ulioshikilia simulizi ya mgeni aliyefika kwa meli, na alama yake ukutani, na hati zisizokubaliana nayo. Babu yako, Mwislamu wa Ujiji, anaandikiwa na sista wa Kikatoliki habari ya Sultani, na hakuishangilia kwa kuwa ni Sultani wala kuikataa kwa kuwa imetoka kwa sista. Kaiuliza swali lile lile aliloliuliza mwembe. Halafu ndani ya bahasha hiyo hiyo anakuta barua inayomwonyesha njia ya kufanya. Ya 9 ndiyo kazi yenyewe aliyoifanya.

Na sista hakumtungia. Kati ya 1937 na 1939 tume ya hadithi za jadi na masimulizi ya Ireland iliwatumia watoto wa shule za msingi, shule kama 5,000, kuwahoji wazee wa nyumbani na majirani. Madaftari yale yamehifadhiwa Dublin, na leo mtu akiwa na simu anayasoma. Baadhi ya wazee waliohojiwa walizaliwa na watu walioishi njaa yenyewe. Mwalimu mmoja Ujiji alilichukua jambo hilo mwaka 1974, bila tume, bila fedha, kwa madaftari ya wanafunzi wake. Ningekuwa na uwezo ningeliweka jambo hili kwenye kibao pale mnarani, karibu na majina ya wale wawili.

Bahasha ya 15. Nimeifikiria siku nne kabla ya kukujibu.

Nayajua ya Ujiji. Nimeshuhudia posa ikivunjika kwa neno moja lililotamkwa na bibi aliyekaa kimya miaka sitini. Kwa hiyo namwelewa mjomba, hofu yake ina msingi. Lakini babu alikuwa na viberiti nyumbani kama sisi sote. Angetaka ichomwe angeichoma. Aliandika "isisomwe mpaka", na neno "mpaka" ni agizo. Hao hao watu wa Ireland, walipofanya sensa yao ya kwanza wakiwa nchi huru mwaka 1926, waliifunga, na baadaye sheria ikaweka muda wa kifungo hicho kuwa miaka 100, ili kila aliyeandikwa amalize maisha yake bila jirani kuchungulia ndani ya nyumba yake. Waliifunga, hawakuisaga. Huo ndio utunzaji. Serikali yetu nayo kwa kawaida nyaraka zake huwafungulia wasomaji baada ya miaka 30.

Fanya hivi. Bahasha usiifungue, wala usiishike mbele ya taa kuangalia majina. Itie ndani ya bahasha kubwa zaidi, andika kwa penseli maneno yale yale ya babu, na tarehe utakayoitia. Wewe, mama na mjomba mtie saini kwenye mfuniko. Katika orodha yako bahasha ya 15 iwepo, na mbele yake andika tu: "Imefungwa kwa agizo la mwandishi." Usiiruke namba. Ukiiruka, siku moja mtu atadhani imeibwa na atamsingizia mtu.

Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya miezi ijayo. Daftari moja la kurasa nyingi, kila bahasha mstari wake: namba, jina alilolipa babu kwa maneno yake bila kumsahihisha, ina karatasi ngapi, mwaka wa kwanza na wa mwisho unaoonekana. Usijaribu kueleza kila kilichomo. Ukimaliza, piga picha kurasa zote kwa simu, kisha picha uziweke sehemu mbili tofauti. Halafu kaeni kama ukoo muamue: zibaki nyumbani, au mzikabidhi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, maktaba ya mkoa ipo hapo Kigoma. Popote mtakapokwenda msikabidhi kwa mdomo. Iandikwe hati ya makabidhiano, orodha iunganishwe, masharti ya bahasha ya 15 yaandikwe humo, na ninyi mbaki na nakala. Haki za maandishi ya babu ni za warithi wake kwa miaka 50 tangu alipofariki, kwa hiyo anayetaka kuchapa kitabu aje aombe, asijitwalie. Na kama kuna mtu wa kuzitenganisha, achukue "za Livingstone tu" kwa sababu ndizo zinazotafutwa, mkataeni hata akija na gari.

Nina ombi dogo. Uliponiambia insha ya mama yako imo nilitamani kujua imesema nini, na hukusema. Nikampigia mhariri akaniunganisha nawe, na uliponisomea kwenye simu nilikuwa jikoni nikaketi. Nimekuomba ruhusa ya kuichapa hapa sehemu, ukanipa na mama akaridhia:

"Bibi anasema meli ya Wajerumani ilizamishwa ziwani wakati wa vita. Ilipotolewa na Waingereza mafundi waliikuta mashine imepakwa mafuta mazito haijaliwa na kutu. Ndiyo hii Liemba. Mwisho."

Chini yake babu, kwa kalamu nyekundu, kamwandikia binti yake kama alivyowaandikia wenzake wote: "Nani aliona?" Na chini ya hapo, kwa penseli, mtoto amerudi kujibu: "Bibi hakuona. Aliona mume wake alikuwa kibarua, alirudi nyumbani mikono ina grisi, bibi akaisugua kwa mchanga haikutoka."

Meli ilizamishwa Julai 1916 ikaibuliwa 1924, na kwamba mafundi wa Kijerumani walizipaka mashine grisi kabla ya kuizamisha limeandikwa na wengi. Mikono ya yule kibarua iko kwenye karatasi hiyo peke yake.

Kwa hiyo mama yako mpe fotokopi, nzuri, ya rangi, ili nyekundu ionekane. Yenyewe irudishe bahasha ya 9, mahali pale pale ulipoitoa, na kama unakumbuka ilikuwa baada ya insha ya mtoto gani, mweke na huyo mtoto.